Nimeolewa Wewe Ukiwa Baharini

La Spezia, Februari 1942

Ottorino, mume wangu (acha niandike tena: mume wangu!),

Jana tulifunga ndoa. Baba yako alisimama mahali pako kama ulivyoagiza, akaitikia "ndiyo" kwa sauti ya nahodha mstaafu. Jirani yetu Nives akapiga kelele, "Ersilia, shoga yangu, umeshikwa mkono na mzee, kijana umemwachia samaki!" Nilicheka mpaka nikalia. Keki hatukuwa nayo; tulikula mkate wa dengu. Nimechoka, mpenzi. Ving'ora havituachi tulale.

Tulipokuwa mezani baba yako akaninong'oneza: "Mwanangu, mumeo amepewa nafasi ya kufundisha chuo cha wanamaji cha Livorno. Anataka kuikataa abaki kwenye manowari, apandishwe cheo."

Mbona hukuniambia? Manowari zinazosindikiza mizigo kwenda Libya hazirudi zote, hata sisi wa nchi kavu tunajua.

Nakupenda mpaka naona aibu kuandika. Ukiikubali nafasi hiyo, niandikie neno moja tu, litanitosha. Ukiikataa, usiandike. Njoo mwenyewe, unitazame usoni, unieleze.

Mkeo tangu jana,
Ersilia