Mahari ya Kulthum na Kadi Yenye Taa

Mpendwa Bi Zeyana, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaiharibu ndoa ambayo hata haijafungwa, maana nimekwama na sina wa kumwegemea, kila ninayemwambia anacheka kwanza ndipo ananishauri, na ushauri wenyewe unakuja umeshaharibiwa na kicheko.

Jina langu Ubwa, nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, na nimeposa kwa watu wa mtaa wa Amani, binti anaitwa Ummukulthum, wenyewe wanamwita Kulthum, kazi yake ni kuwatembeza wageni msitu wa Jozani na kuwaonesha kima punju, na akirudi nyumbani, akishasali na kula, basi yuko kwenye kompyuta anacheza gemu la mbio za magari. Kompyuta yenyewe ni ile nyembamba ya maofisini, kainunua kuukuu, na amekuwa akiitengeneza kidogo kidogo kwa mshahara wake, mara aiongeze kumbukumbu, mara aitie diski mpya ya kasi, sasa imebaki kadi ya picha tu, kile kipande kinachofanya gemu litembee bila kukatika. Siku niliyokwenda kwao na Shangazi Sichana, ambaye ndiye aliyenilea, tulimkuta sebuleni na ndugu zake anacheza, gari lake linakwenda linasita, linakwenda linasita, akacheka akasema, "Mashine hii inantia aibu mbele ya wageni." Kisha akanigeukia, "Na wewe Ubwa, unacheza?" Nikamwambia sichezi, sijui hata pa kushika. Akanitazama kidogo, akasema, "Haya," akaendelea na gari lake.

Basi Bi Zeyana, posa ikakubaliwa, mahari yakaulizwa, nasi tukakaa tunangoja kusikia dhahabu, au kitanda, au fedha taslimu. Jawabu likaja: kadi ya picha moja, na pedi mbili za kuchezea gemu. Kulthum akaniletea na ujumbe kwenye simu wenye jina la kadi na namba yake, akasisitiza iwe ile fupi isiyotaka waya wake wa umeme. Shangazi akanitaka nimsomee ujumbe mara ya pili, kisha akasema, "Mie nshahudhuria harusi nyingi, lakini mahari ya waya sijapata kuyaona."

Nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea pedi mbili na hiyo kadi, kadi ndogo, nyembamba, feni moja, ukiishika kiganjani vidole vinabaki nje. Nikaipiga picha nikamtumia Shangazi, naye akanipigia hapo hapo: "Hebu nambie, Ubwa, hichi ndo ntakachokibeba mie kwenye sinia, nipite nacho mbele ya wanawake wa Amani, wafunue kitambaa wakione? Watasema tumewapelekea kipande cha redio!" Nami nikaona kweli, nikajiona nimesimama pale nafedheheka, na pembeni ya hiyo kadi kulikuwa na nyengine kubwa, feni tatu, ikiwashwa inatoa taa za rangi zote, boksi lake peke yake linajaza sinia, bei yake ikapindukia niliyojiwekea lakini nikapiga moyo konde, nikairudisha pedi ya pili nikabaki na moja, maana nilidhani ya pili ni ya akiba tu ikiharibika ya kwanza, na mtu mmoja anachezea pedi ngapi, nikalipa.

Niko mlangoni natoka muuzaji ananiuliza, "Pawasaplai ya kompyuta yenyewe ni ya wati ngapi?" Sikujua hata kwamba pawasaplai ndiyo kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Nikamweleza kompyuta ilivyo, akashika kichwa. Kumbe kadi niliyonunua haiingii katika kasha lile, si kwa urefu si kwa upana, na hata ingeingia, umeme wa mle ndani hauitoshi, kompyuta ingejizimikia. Akaniambia kwa wema kwamba maadamu lakiri ya boksi haijakatwa ataipokea na kunibadilishia, lakini isipite Ijumaa, kwa sababu baada ya hapo anavuka Dar kufuata mzigo.

Sasa Shangazi anasema nisirudishe chochote, nipeleke hiyo hiyo yenye taa wanawake waione, na tukishaoana nitanunua kompyuta nyengine ya kuitia polepole. Rafiki yangu wa kazini anasema nimwombe Kulthum abadilishe mahari achukue fedha, yaishe. Mimi naogopa kumwambia Kulthum kwa sababu ataona huyu ni mume wa kutumwa hiki akaleta kile, na naogopa kuirudisha kwa sababu ya Shangazi, na naiogopa siku ya ndoa, sheikh atakapoyataja mahari msikitini na wanaume wote wakageuka kunitazama. Nampenda huyu binti, Bi Zeyana, sijapata kulisema hili kwa mtu, na leo nalisema gazetini. Nifanye nini?

Ubwa, Mji Mkongwe

BI ZEYANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Ubwa. Nisikufiche, na mimi nilicheka kwanza, mpaka chai ikanipalia. Sasa nimemaliza. Kaa kitako tuzungumze.

Pole sana. Wewe si mtu mbaya, ni mtu aliyetumwa kadi akaenda kununua sifa. Uliposimama pale dukani hukumfikiria Kulthum wala kompyuta yake, ulifikiria kitambaa kinafunuliwa na wanawake wanapiga vigelegele. Usijione wa kwanza. Namjua bwana mmoja aliyempelekea mkewe kabati la milango sita katika nyumba ya Mji Mkongwe, likashindwa kupanda ngazi, likakaa uchochoroni mpaka paka wakazalia humo. Lilikuwa kabati zuri sana, kila mpita njia alilisifu.

Na usidhani nasema nisilolijua. Kompyuta ninayoandikia safu hii nimeifungua mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani, nikaitia kumbukumbu kwa mikono yangu, na mimi pia nina gemu langu la magari, na sitaki maswali. Mashine ile nyembamba ilitengenezwa iandikiwe barua za ofisini. Umeme wake ni wa kiasi na nafasi yake ni ya kiasi. Kuitia kadi ya feni tatu ni kuteleka sufuria la pilau ya shughuli juu ya jiko la kuchemshia chai. Kulthum analijua hilo vizuri kuliko wewe na Shangazi yako. Ndiyo maana akaanza na kumbukumbu, akafuata diski, kisha akakutajia kadi fupi inayojitosheleza kwa umeme wa ule ubao wa ndani inamochomekwa, isije ikakudai pawasaplai mpya, na pawasaplai ikadai kasha jipya, na wewe ukajikuta unanunua kompyuta nzima kwa jina la mahari. Mtoto wa watu kauhurumia mfuko wako kabla hata hajaingia nyumbani kwako. Wewe ukakataa kuhurumiwa.

Sasa tuyaweke sawa. Mahari ni haki ya bibi harusi. Anayataja yeye, na alichokitaja ndicho anachopewa, isipokuwa mwenyewe aridhie kwa moyo wake. Shangazi haolewi. Rafiki yako wa kazini haolewi. Kumpelekea kadi kubwa kwa nguvu si ukarimu, ni kumwambia kuwa ulimsikia ukaona hajui analolitaka. Na kumwomba achukue fedha ndiyo hivyo hivyo tena, umekimbilia mlango wa nyuma tu. Angetaka fedha angesema fedha, ulimi anao.

Gazeti hili linatoka Alhamisi na muuzaji wako kasema Ijumaa, kwa hiyo nakunyima muda wa kutafakari. Chukua boksi lako, usiguse lakiri, usilifungue kuwaonesha watu wa hoteli zile taa, nenda kabadilishe. Chukua ile aliyokutajia, jina kwa jina na namba kwa namba. Muuzaji akikwambia ipo nyengine inafanana nayo, mwambie huna ruhusa. Na mshukuru, maana angeweza kukuacha uende zako.

Ukitoka hapo mpigie Kulthum. Usimtumie ujumbe, mpigie, umsimulie yote, na feni tatu na taa zake. Atacheka. Mwanamke anayeshinda msituni akiwatuliza wageni wanaorushiwa majani na kima hatovunja uchumba kwa sababu ya boksi. Lakini akija kulikuta mwenyewe usiku wa harusi, na bisibisi mkononi, hapo sikuwekei dhamana.

Shangazi Sichana usigombane naye. Hofu yake ni ya mapenzi, hataki mtoto aliyemlea adharauliwe mbele za watu, na hilo nalielewa. Usimwambie amekosea, mpe kazi. Mwambie: "Shangazi, kitu ni kidogo, hakuna wa kukipamba akapendeza ila wewe." Mwachie sinia. Ataweka kanga mpya, atazungusha asumini na vikuba vya maua, na kadi itakaa katikati kama mwana wa mfalme, na wanawake wa Amani watauliza hiyo ni kitu gani, na yeye atawaeleza kana kwamba ameitumia miaka yote. Ila msisitizie mambo mawili. Kadi isitolewe kwenye mfuko wake, na asiimwagie marashi. Nawajua mashangazi, mkono unauendea mrashi wenyewe. Wala udi usifukizwe karibu na boksi. Mkifika na kadi iliyorowa, hapo ndipo mtakuwa kweli mmepeleka kipande cha redio.

Na msikitini? Wacheke. Sheikh ataitaja kadi ya picha kwa sauti yake nzuri, mzee mmoja ataguna, vijana wa safu ya nyuma watasukumana viwiko, na kabla halua haijamalizika wawili watatu watakufuata pembeni kukuuliza umeipata duka gani. Vitanda vilivyotajwa katika misikiti hiyo hiyo vimeshaliwa na mchwa na hakuna anayevikumbuka.

Nimekuwekea la mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niweke kikombe chini. Umeniandikia juu ya feni, taa, sinia, Shangazi, sheikh, na katikati ya hayo yote ukapitisha pedi ya pili kama mtu anayepangusa makombo mezani. Akiba, umesema. Mwanangu, soma tena barua yako mwenyewe. Alikuuliza kama unacheza. Ukamjibu hujui hata pa kushika. Akakutazama, akasema haya, kisha akaenda akataja pedi mbili.

Mwanamke kapewa nafasi ya kudai chochote anachokitaka kwa ajili yake peke yake, na ndani yake akakutilia na wewe pahala pa kukaa. Ile pedi ilikuwa yako, Ubwa. Umeiacha dukani.

Kaifuate leo, kabla hawajafunga.