Anayeitika Chumba cha Juu

Yusra, mke mwenzangu,

Shikamoo yako imefika Mchafukoge, marahaba. Babu yako, mume wetu, hajambo, bado anabishana na redio.

Umeniuliza kuhusu programu ya kompyuta unayoiandika: vipande vyote uviweke ndani yake, au iviite kutoka nje inapovihitaji?

Usichanani nilichapa kadi za harusi Kariakoo. Programu yangu iliita kipande cha kupanga maua kwa waya kutoka kompyuta ya mwenzangu wa kazi, Salim, chumbani kwake ghorofani. Akibadilisha ua, mimi sigusi kitu. Raha tupu.

Salim akafariki. Mkewe akafunga chumba, akasema kisiguswe mpaka atoke eda. Kadi ziliendelea kutoka, tukadhani kompyuta yake imeachwa inawaka. Siku moja ikatoka kadi yenye ua la asumini, ambalo Salim hakuwahi kutuchorea.

Eda ilipokwisha, mkewe akatufungulia. Kompyuta ilijaa vumbi, na waya wake wa umeme umekunjwa juu yake.

“Niliuchomoa mwenyewe siku ya msiba,” akasema.

Siku hiyohiyo niliiandika upya programu, kila kipande ndani. Ikawa nzito, nikairidhia.

Wewe amua upendavyo. Kuita kunaipunguzia programu uzito, sikatai. Ila ujue nani anaitika.

Bibi yako,
Mwanaisha