Gunia Ulilotundika Karakanani

Baba,

Gunia lako bado linaning'inia. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza habari za mbao kwanza, halafu tezo, na mimi mwishoni kabisa. Mbao zipo. Ule mvule uliouacha umekauka vizuri, haukupasuka. Tezo analo Hamza. Mimi niko palepale uliponiacha, nyuma ya gunia.

Nakumbuka siku ulipolitundika kama pazia katikati ya karakana. Wanajeshi walikuwa wamejaa mtaani kwetu Mpumudde, kaka yangu Hamza alikuwa amechukuliwa vitani, na wewe ulikuwa na viti vya kumaliza na mgongo unaouma. Ukaniita kutoka jikoni, ukanipa patasi. Kila buti lilipolia nje ulininong'oneza, "Zaina, afande iko hapo inje. Usitoke." Sikutoka. Nilijifunza kuchonga katika giza hilo, nikisoma mti kwa dole gumba. Ulikuwa unapitisha kiganja juu ya nakshi yangu, kisha unaguna. Ukiguna hivyo, nilijua imekaa sawa, na moyo wangu ulitulia wiki nzima.

Vita vikaisha. Malori ya Kenya yakarudi barabarani, wanawake wa Masese, kule ziwani, wakaanza tena kuleta samaki. Gunia hukuliondoa. Nilipokuuliza ulisema wateja hawajazoea. Hawajazoea nini, Baba? Hukunijibu, ukafa, na hasira yangu mpaka leo sijui niipeleke wapi.

Hamza alirudi. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Kwenye arobaini yako baba mdogo alisimama mbele ya watu akamkabidhi tezo, kama babu alivyokukabidhi wewe. Alilipokea kwa mikono miwili, watu wakasifu adabu yake. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la wali, nikaona mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito wote. Tangu siku hiyo yeye hukaa mbele, tezo magotini, anawapokea wateja na kusifiwa. Mimi nachonga nyuma. Jioni huniletea chai mwenyewe, bila kunitazama usoni. Nampenda, Baba. Hapo ndipo niliponaswa, maana ningemchukia ningekuwa nimeshaondoka zamani.

Juzi walikuja wazee kutoka Mbale, wa ule msikiti mdogo wa Malukhu. Mimbari yao uliichonga wewe ukiwa kijana, hujaoa. Askari waliolala humo wakati wa vita waliipasua wakachemshia chai. Sasa wazee wameezeka paa upya, wanataka mimbari nyingine, na wanataka ichongwe mlemle ndani, mbele ya macho yao, kama ulivyofanya wewe. Wanamtaka mtoto wa fundi. Hamza akasema ndiyo. Angesema nini? Nilisikia kila neno nikiwa nyuma ya gunia.

Walipoondoka alikuja kwangu akalia. "Dada, usiniaibishe. Nikitoka kwa hiyo kiti, mimi iko na kazi gani?" Nikikaa kimya, mbele ya wale wazee ataumbuka. Nikijitokeza, ataumbuka vilevile, tena kwa mkono wangu. Nilikula wali wangu siku hiyo kama mtu anayetafuna pumba.

Barua hii niliianza jana usiku; leo asubuhi nimelishusha gunia. Kamba ilikuwa imeoza, hata kisu sikuhitaji. Mwanga ukaingia mpaka kwenye vumbi la pembeni, nikaona kazi yangu yote kwa mara moja, nikaona haya kama niliyevuliwa nguo. Hamza aligeuka kwenye kiti chake. Alinitazama, akaitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Hiyo gunia usitupe. Tutafungia vyombo vya kazi."

Kwa hiyo kesho tunapanda gari la Mbale, sisi wawili. Yeye atashikilia ubao, mkono wake wa kushoto bado una nguvu, nami nitachonga. Naogopa. Wazee wakinifukuza, basi wanifukuze wakiwa wameniona.

Sikuombi ruhusa, Baba. Ruhusa yako niliingoja ukiwa hai. Nakuahidi hili tu: nitaichonga mimbari kwa namna uliyonifundisha, bila kuharakisha kona hata moja. Na nikimaliza, nitapitisha kiganja juu yake, halafu nitaguna mwenyewe.

Lala salama, fundi wangu.

Zaina