Sai au Vai

Mtaa wa Bedford, ghorofa ya tatu,
Fall River, Massachusetts.
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mpendwa Baba mdogo Herminio,

Samahani, leo naingia bila hodi. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Jumapili iliyopita nilidanganya kwa neno moja la herufi tatu, na uongo ule umekuangukia wewe huko Oregon bila kujua.

Sasa nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Naomba baraka yako, Baba mdogo. Hujambo? Mama mdogo Colleen hajambo? Jasper amepona kikohozi? Bibi alisikia habari za kikohozi hicho kwa Mama, akajifanya hakusikia, kisha nikamwona anamwashia mshumaa. Sisi tu wazima. Bibi magoti yanamsumbua, lakini ulimi haujambo.

Huenda hujui kwamba mimi pia ni kipa sasa, kama Baba alivyokuwa, wa timu ya shule. Mikono ninayo. Mdomo ndio sina. Kila jioni Baba hunisimamisha uani na kunifokea, "Sema, Leonor! Kipa bubu ni nguzo ya tatu tu ya goli!" Wenzangu wanapiga kelele kwa Kiingereza, neno refu lisilofanana na lingine. Sisi tuna Kireno chetu cha nyumbani. Kipa akitoka kuufuata mpira humwambia beki *sai*, yaani toka, niachie. Akibaki golini humwambia *vai*, nenda wewe. Mwalimu wetu wa Kireno wa Jumamosi anasema herufi moja ni kitu kidogo. Hajawahi kukaa golini.

Hadithi niliyokuzwa nayo ni hii. Baba alicheza misimu tisa ya kulipwa, minane kati ya hiyo akiwa benchi na glavu mkononi. Mwaka 2010 ndipo alipokabidhiwa lango la timu ile ya Ohio, nawe ukiwa beki wake wa kati. Mechi ya kumi na moja ikaja krosi. Baba akatoka, akasema *sai*, nawe badala ya kumwachia ukaruka, mkagongana. Bega lake likavunjika mahali patatu, na kazi ikaishia hapo, akiwa na miaka ishirini na tisa.

Tangu hapo jina lako hapa kwenye klabu ya Wareno ni Kiziwi. Mtu akitaja Oregon tu, Gil wa kaunta hudakia, "Mkimpigia yule, pigeni na ngoma!" Watu hucheka. Baba hucheka pia, lakini macho yake huwa kwenye glasi. Hapo ndipo nilipoanza kushuku.

Krismasi alisimulia kwamba alipiga kelele mara moja. Pasaka zikawa mara tatu. Tena, kanda ya mechi ile huitazama bila sauti. Nilipomuuliza akasema sauti imeharibika. Siku moja alipokwenda kazini niliiweka mwenyewe, nikakuta sauti ni nzima kabisa. Uwanja unanguruma, halafu inasikika kelele fupi ya mwanamume, na mwisho wake ni "-ai". Mwanzo wake umemezwa na watu. Nimeirudisha mara kumi na nane.

Sasa Jumapili iliyopita. Kipa wa wakongwe wa klabu aliamka na mgongo mbovu, Baba akaombwa asimame. Sikuwahi kumwona langoni, kwa hiyo nilikaa nyuma ya nyavu nijifunze miguu yake. Ikaja krosi. Baba akatoka mbio huku akipiga kelele, "Vai!" Zeferino mwoka mikate akaenda, kama alivyoambiwa. Wakagongana wakaanguka wote wawili.

"Nimesema *sai*!" Baba akafoka kabla hajainuka.

"Umesema *vai*, bwana! Umeniambia niende, nimekwenda, sasa unanigombeza nini? Masikio ninayo mawili, na yote yako kazini!"

Baba akanigeukia. "Leonor, wewe ulikuwa nyuma yangu. Nilisema nini?"

Wanaume ishirini wakanitazama. Nilikuwa nimesikia vizuri, Baba mdogo. Nikasema, "*Sai*, Baba."

"Haya," akasema Zeferino akijifuta majani magotini, "kiziwi wa pili ni mimi. Nikatieni tiketi ya Oregon."

Wote walicheka. Baba hakucheka. Alinitazama muda mrefu mno kwa mtu aliyejibiwa alivyotaka.

Tangu siku hiyo hajanifundisha uani. Anakula supu yake ya sukuma na soseji, anainuka. Nashuku anajua kwamba nilidanganya. Nashuku pia kwamba miaka yote hii hakuwa anajua alisema nini Ohio, na kwamba Jumapili ile ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Labda akihamaki ulimi hushika herufi isiyo yake.

Na wewe nakushuku, usikasirike. Wewe ulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Bibi anasema hukujitetea kwa sababu ulikuwa na hatia. Mimi naona mdogo mtu aliyemwona kaka yake akibebwa kwenye machela anaweza kumeza jambo, akaenda nalo mbali. Kama ndivyo, niandikie. Ulisikia nini?

Jumamosi ya tarehe 19 jezi ya Baba itatundikwa ukutani klabuni. Gil ameshatunga hotuba, na Kiziwi yumo ndani yake. Bibi ana miaka themanini na sita, na ameniuliza mara mbili, kama mtu asiyejali, nauli ya ndege kutoka kwenu inaanzia siku gani kupanda. Njoo, Baba mdogo. Ikitundikwa hivyo, na mimi nimekaa kimya, nitakuwa nimekutukana kwa mdomo wangu mwenyewe.

Msalimie sana Mama mdogo Colleen, na Jasper, umwambie ana dada huku. Mama anawasalimu. Bibi hajanituma salamu, lakini nazituma kwa niaba yake. Mungu akulinde, wewe na nyumba yako.

Nasikia nyayo za Baba ngazini. Barua hii nimeiandika siku tatu, na kila akipita naifunika kwa daftari la Kireno. Amefika ghorofa yetu. Anasimama mlangoni, naona kivuli chake chini ya mlango. Daftari nimeliweka sakafuni. Anabisha, ananiuliza naandika nini, na nimemjibu kwa sauti ambayo nadhani hata Bibi ameisikia: "Namwandikia Baba mdogo Herminio, Baba. Ingia usome."

Ni mimi mwanao, akupendaye ingawa hakukumbuki,
Leonor