Pu, pu, pu ya Bhoke

Jumanne, Machochwe.

Na bado nasema hapa kwetu hakuna aliyewahi kupuliza pembe ya ng'ombe kama mimi. Puuu moja ndefu, watu wanakuja na mishale, ni wezi wa ng'ombe. Pu, pu, pu fupi, wanakuja na mabati ya kugonga, ni tembo wameingia shambani. Hiyo niliwafundisha mimi.

Leo jioni tembo waliingia kwenye mahindi yangu. Nikapuliza. Pumzi ikakataa kukatika, ikatoka puuu. Majirani wote wakakimbilia zizini na mishale yao, na tembo wanakula tu.

Bhoke, mke wa mwanangu, akanishika mkono. "Baba, nipe mimi."

Mwanamke na pembe, kwetu haiko hivyo. Lakini yale mahindi ndiyo chakula chetu cha mwaka. Nikampa.

Pu. Pu. Pu. Kavu, kama mtu anapasua kuni. Mabati yakalia kila upande, tembo wakageuka wakarudi hifadhini. Mahindi mengi yamepona.

Jirani yangu Chacha akaniuliza, "Mzee, hao wezi wako siku hizi wana mikonga?" Nikamwambia anyamaze, nilikuwa nampima mkwe wangu.

Kifua hiki kinanitia wasiwasi. Sijamwambia mtu.

Lakini ile pu ya Bhoke, hata mimi ujanani... haya, karibu sawa.

Kesho pembe naenda kuitundika nyumbani kwake. Nitasema ukuta wangu una mchwa.