Baba Aliposema Mbili

Wewe, leo nimeumbuka kliniki.

Daktari kamuuliza baba: toka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi? Saratani ya tezi dume imeshaingia mifupani, kemo imemwacha hoi, asubuhi viatu nimemvalisha mimi. Mzee anajibu, "Mbili."

Mbili, ndugu yangu.

Nikaropoka, "Ni tisa, daktari. Huyu mzee muongo."

Baba akanigeukia taratibu. "Nikisema tisa wataniongezea morfini, nisinzie kutwa. Mashairi yako atasikiliza nani? Mama yako?"

Daktari akanitazama kana kwamba ugonjwa wenyewe ni mimi.

Dozi imeongezwa. Sasa hivi nimemsomea shairi jipya. Ubeti wa kwanza haujaisha, kalala fofofo, anakoroma. Sijawahi kufurahia dharau namna hii.