Kwa Yeshimebet, Uliyefunga Hadi Hukumu

Mwaka umezunguka, Yeshimebet, tangu asubuhi ile ya mwezi wa Hidar. Ulikuwa umeshavuka lango la Mama, raba miguuni, viatu vya mahakamani vimo mkobani, nami nakukimbilia kwa nyuma na kipande cha mkate mkononi.

"Yeshi! Kula japo kidogo, mdogo wangu!"

Hukusimama. Ulipunga mkono bila kugeuka, ukajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani: "Kula kwa niaba yangu, kaka. Nimekupa uwakili!"

Mama wa duka la mkaa akacheka. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe. Ukakata kona. Siku nyingine zote nilikuwa nakufuata. Siku ile nilikuwa na gari la kwenda Dire Dawa, dereva anapiga honi, nikajiambia leo ni siku moja tu. Saa tatu na robo, tukiwa hatujamaliza hata kupakia mizigo, simu ikalia. Umeanguka kwenye ngazi za mahakama, ghorofa ya pili. Ulikuwa na miaka hamsini na miwili.

Tangu msiba hadi leo watu wanasema maneno, na maneno hayo yanamfikia Mama. Wanasema ulijinyima chakula ili upate kiuno cha msichana. Wanasema wakili mzima, mwenye mtoto wa chuo, ameuawa na raba na kioo. Tumenyamaza mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa na la kusema nikanyamaza, kwa sababu uliniapisha kwa Mtakatifu Mikaeli. Leo nakivunja kiapo hicho. Mahder, binti yako, ameniruhusu. Mama sikuthubutu kumwomba. Atasomewa.

Wanaokujua tangu utoto wanakumbuka ulivyokuwa, miguu kama ya swala, unatumwa chumvi na unarudi kabla mchuzi haujachemka. Unene ulikuja na kazi. Ulikuwa unasema faili halina miguu, basi linataka nawe usiwe nayo. Ulikaa kitini saa kumi na mbili kwa siku, kahawa duru tatu, kila duru sukari vijiko vitatu, na kila mteja aliyeshinda kesi anakuita kwake kula. Kilo zikaja kimyakimya, kama wageni wa msiba, mmoja mmoja, ukigeuka nyumba imejaa.

Nasi tulifurahi! Mama alikuzunguka siku ile uliponunua koti jipya, akasema, "Sasa unafanana na wakili." Maana kwetu wakili mwembamba nani atampa kesi? Watu wanasema huyo hata yeye mwenyewe hajajishindia chakula. Mimi nilikuwa wa kwanza kukupigapiga shavu na kusema nyumba imekukubali.

Halafu ikawa jioni ile niliyorudi kutoka Moyale. Sijavua hata viatu, ukaingia chumbani kwangu kule nyuma ya jiko, ukafunga mlango.

"Kaka, una siri ngapi?"

"Za nani?"

"Zangu."

"Hata moja."

"Basi shika hii."

Kilo tisini na sita. Sukari. Presha. Moyo umetanuka. Daktari amekwambia upunguze kilo ishirini na uanze kutembea, la sivyo miaka hamsini na mitano utaisikia kwa wenzako. Nilikwambia tumwite Mama, tumwite mumeo Endale. Ukanishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia.

"Endale akijua, Mama atajua. Mama akijua, kanisa zima litajua. Kanisa likijua, wakili wa kampuni atajua kabla ya Jumatatu."

Sikukuelewa. Shule yangu ni ya kuokoteza njiani, ukanielewesha polepole kama unamwelewesha hakimu mpya. Wafumaji arobaini na watatu wa mtaa wa juu, waliokuwa wakifuma nguo pale tangu babu zao, kampuni inataka kuwatoa ijenge. Kesi ina miaka mitano. Wakili wa kampuni ameshaomba iahirishwe mara kumi na moja. Ukasema, "Ukijua mpinzani wako anaumwa, kaka, huhitaji hoja. Unahitaji kalenda tu."

Tangu hapo sikulala vizuri tena. Nimelala chini ya malori, nimelala mipakani na mvua juu, lakini sikuwahi kukosa usingizi kama nilivyoukosa katika nyumba ya mama yangu, mlimokaa pia wewe na Endale, nikisikiliza kama unakohoa.

Ukaanza. Ulipanda ngazi ukaacha lifti. Ulisoma mafaili umesimama, umeyaegemeza dirishani, karani wako Feven akidhani umepata jipu. Ulitembea kwenda mahakamani na kurudi. Pale njia panda kuna askari mstaafu mwenye mizani ya kupimia watu, na kila wiki ulipanda, na kila wiki alitangaza kama anaamrisha kwata: "Mama wakili, tisini na nne!"

"Mzee wangu, huwezi kusema polepole?"

"Mizani yangu imepita vitani, mama. Haijui kunong'ona."

Ulikuwa unanisimulia haya huku unacheka hadi machozi. Mimi nacheka, lakini naangalia midomo yako kama imegeuka rangi.

Miguu haikukushinda. Kilichokushinda ni mikono ya watu. Kwetu mtu akikupenda hukukunjia tonge la injera na kukutilia mdomoni kwa mkono wake, na tonge moja huleta ugomvi, kwa hiyo lazima yawe matatu. Siku mahakama ilipozuia kwa muda kubomolewa kwa vyumba vya wafumaji, walikuandalia karamu, nami nikaja kama ndugu. Mzee Madalcho, mkubwa wao, akakunja tonge la kuku na siagi kubwa kama ngumi ya mtoto, akakuelekezea.

"Nimeshiba, mzee wangu."

"Kushiba kwa wakili? Fungua mdomo."

"Kweli, baba. Nimeshiba."

Mkono wake ukabaki hewani. Nakumbuka siagi ikidondoka kwenye mkeka. Kisha mwanamke mmoja kule nyuma akasema, si kwa sauti kubwa wala ndogo, "Aliyeshiba kwetu hajala, basi kala kwingine."

Ulielewa mara moja, na mimi pia. Walidhani umekula mezani kwa kampuni.

Alhamisi iliyofuata wakaja ofisini watu watatu, Mzee Madalcho mmoja wao, na karatasi ya kukuondolea uwakili. Miaka mitano ya kazi, kwa tonge moja! Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi la karani, nikitamani kusimama niseme anaumwa jamani, anaumwa. Ukanitazama mara moja, nikabaki nimekaa. Ukavua viatu vya kisigino, ukavaa raba, ukawaambia, "Wazee, karatasi hii huwasilishwa mahakamani. Twendeni tukaiwasilishe pamoja. Kwa miguu."

Mkatoka. Mwendo ni wa karibu saa nzima, na kuna mlima wa mawe pale karibu na soko. Mimi nilikuwa nyuma. Katikati ya mlima ukasimama, ukashika ukuta. Pumzi yako ilikuwa inatoka kama mvukuto mbovu wa fundi. Wale wengine wawili walikuwa mbele wanabishana. Mzee Madalcho akarudi hadi ulipo, akakusikiliza, kichwa ameinamisha, kama anasikiliza kitanda cha kufumia kilichoharibika.

"Baba yangu alipumua hivi," akasema.

"Alipona?"

"Hapana."

"Nataka kumaliza kesi yenu kwanza, mzee wangu."

Hukusema zaidi, na sukari hukuitaja. Yeye akaichukua ile karatasi kwa wenzake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Akawaambia kwa ukali, "Mtu huyu amejiwekea nadhiri. Amefunga mpaka hukumu isomwe, ndiyo maana hakula mkononi mwangu. Nanyi mmemsingizia mfungaji!"

Wakashtuka. Mmoja akainama kukugusa goti. Walipotangulia tena, Mzee akakugeukia: "Mimi sisemi uongo, binti yangu. Sasa iweke kweli."

Na wewe ukaiweka, palepale ukutani.

Niseme ukweli, tulishangilia, mimi na wewe. Nadhiri! Nani kwetu atamlazimisha aliye kwenye nadhiri? Hakuna nyama, hakuna siagi, hakuna maziwa, hakuna mkono wa mtu mdomoni mwako. Wateja wakakuheshimu maradufu. Mama akaacha kukuwekea mchuzi wa mafuta akaanza kukuombea. Kilo zikateremka. Tisini. Themanini na tatu. Sabini na sita. Askari wa mizani akawa anakupigia saluti. Endale akawa anawauliza wageni, "Jamani, nilioa dada mnene, nani kanibadilishia?" nawe unamtupia taulo.

Ila anayefunga kwetu hali kitu mpaka saa tisa mchana, isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Na vidonge vyako vya sukari ulivimeza asubuhi.

Nilikiona kwanza kidole. Saa sita unasaini karatasi, kidole kinatetemeka, jasho puani na nje kuna baridi. Nikakuuliza daktari kasema nini kuhusu vidonge. Ukasema, "Niwe nimekula."

"Sasa?"

"Sasa nimefunga."

"Nenda kwa padri wako akuruhusu. Mgonjwa hafungi, hata mimi nisiyejua kusoma kitabu chao najua."

"Na nikionekana nakula saa mbili asubuhi, watu watauliza nini? Nani mgonjwa?"

"Basi rudi kwa daktari abadilishe dawa."

"Baada ya kusikilizwa mwezi ujao."

Mwezi ujao ukaahirishwa. Na mwingine. Kwa hiyo nikawa nakufuata. Miezi kumi na minne, Yeshi, nimetembea hatua ishirini nyuma yako, sukari na shayiri ya kukaanga mfukoni, kama mwizi anayemvizia tajiri. Kidole kikianza nilikupenyezea kiganjani, ukajifunika shela, ukaingia chooni kwa wanawake, ukatafuna mlango umefungwa, wakili wa mahakama kuu. Ukitoka unajifuta mdomo na kuniuliza, "Kuna ushahidi?" Mimi naangalia mashavuni. "Hakuna, mheshimiwa." Ulisikitikia nadhiri yako iliyovunjika vipandevipande chooni kuliko ulivyousikitikia moyo wako. Ndiyo maana ile asubuhi ya hukumu ulisema utaifunga kikamilifu, siku moja hii ya mwisho. Nami nikaenda kupakia mizigo.

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Alimwambia Endale pia kwamba moyo ule ungesimama mwaka mzima kabla kama usingetembea, kwamba zile ngazi zilikuwa zinakutunza. Namwamini. Lakini najua pia kwamba tumbo lako lilikuwa tupu na vidonge ulikuwa umemeza.

Kwenye hema la msiba Mzee Madalcho alikaa mlangoni siku tatu, hagusi sahani. Siku ya tatu akaniita pembeni.

"Alikuwa na sukari?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi ndiye niliyemfungisha."

"Wewe hukujua, mzee. Mimi nilijua."

Ndilo neno nililolificha mwaka mzima, Mama, na ndilo ninalokuombea msamaha. Binti yako hakujinyima ili apendeze. Alitaka kuishi, na alitaka kumaliza kazi ya watu, na sisi tunaompenda tulimlisha hadi akaumwa, kisha tukamheshimu hadi akafa na njaa. Anayesoma haya, kama ana ndugu anayekaa kitini kutwa na kumeza dawa kwa siri, amuulize leo, hata kwa ukali.

Haya ndiyo yaliyofuata.

Hukumu ilisomwa siku ileile saa nne, Feven akiwa amesimama mahali pako kwa sababu alikuwa na faili mkononi. Wafumaji walishinda. Kampuni imekata rufaa, na rufaa imeahirishwa mara mbili. Feven, aliyekuwa akisoma sheria jioni, amepata leseni ya uwakili na ndiye anayewatetea. Anasoma amesimama. Mzee Madalcho bado anafuma, haendi tena karamu. Kitambaa kilichofunika kaburi lako ni kazi yake. Endale ameuza gari, anakwenda kufundisha kwa miguu, magoti yanamsumbua. Mahder yupo mwaka wa tatu wa sheria, anapimwa damu kila baada ya miezi mitatu, na hadi sasa ni mzima. Askari wa mizani alifariki wakati wa mvua. Mama ana miaka themanini na moja, amewaalika maskini wa kanisa kula siku ya kumbukumbu yako, na bado anapika mchuzi mwingi kupita kiasi. Mimi sijasafiri tangu Hidar.

Unakumbukwa na mama yako Tiruwork, mumeo Endale, binti yako Mahder, kaka yako Mekuria, wafumaji wote arobaini na watatu pamoja na watoto wao, na Feven wa ofisini.

Maadamu mmoja wetu yu hai, Yeshi, hutasahaulika.